Nyuzi Nene za Gitaa la Cleotis

Mobile, Alabama
12 Januari 1987

Shangazi Vernell,

Shikamoo. Natumaini umewasha jiko la mafuta na hujajikunyata ndani ya makoti mawili ukisema jiko ni la wazee. Huku tu wazima. Rufus bado yuko bandarini, anarudi nyumbani amechoka hata viatu havivui. Mama mkwe goti linamsumbua ila mdomo hauna ugonjwa. Juzi kamfukuza muuza bima hadi barabarani. Mimi nililazwa siku chache mwezi wa Novemba, kitu kidogo tu cha kooni, kimeshaisha, usihangaike kuniuliza. Pekani nilizokutumia, zile njugu za mti wetu wa uani, zimefika? Safari hii mti umezaa kwa fujo.

Sasa, kilichonishikisha kalamu ni gitaa la Baba. Nataka kulifunga nyuzi nene, zile nene hasa. Kuna fundi hapa mjini, Bwana Teague, ameliangalia akasema lazima apanue kwa tupa zile njia za nyuzi kwenye ule mfupa mdogo wa juu ya shingo, kisha akaze chuma cha ndani ya shingo, kisha asogeze nyuma kidogo daraja linaloshika nyuzi kule chini. Nikamwambia asiguse kitu mpaka nimuulize aliyeliunda. Wewe ulifanya kazi kiwanda kile cha magitaa miaka yote, na gitaa hili lilipita mikononi mwako kabla ya mikono ya Baba. Niandikie tu hatua zake, nimpelekee.

Nina haraka kidogo. Jumapili ya tatu ya Mei kundi letu la kuimba, Mabinti wa Gileadi, linatimiza miaka thelathini. Makundi yatakuja hata kutoka Pensacola na Meridian, na mimi ndiye nitakayeongoza wimbo wa Baba. Gitaa lisipokuwa tayari siku hiyo, sina pa kuuficha uso wangu.

Mtoto wako,
Jonetta

Kalamazoo, Michigan
25 Januari 1987

Mwanangu Jonetta,

Marahaba. Pekani zimefika, nimezila zote peke yangu na sioni aibu. Theluji imefika dirishani. Jirani yangu Kuipers ananifagilia ngazi, halafu anasimama mlangoni kunipigia soga, na mimi siambulii neno. Masikio yangu mashine za kiwanda zimeyamaliza, wewe unajua. Ndiyo maana nashukuru unaandika. Simu kwangu siku hizi ni pambo.

Kulazwa ni kulazwa, na kooni kwa mwimbaji si mahali padogo. Lakini umesema nisiulize, haya, siulizi.

Kuhusu gitaa, swali ni moja. Hizo nyuzi nene utazikaza hadi sauti ipi? Ile ya siku zote, au chini yake? Usiniambie unene, usiniambie jina la duka. Niambie sauti. Mpaka nijue hilo, jibu langu ni hapana, na huyo Teague asilisogelee gitaa la kaka yangu na tupa. Ule mfupa niliuchonga mwenyewe, mfupa wa ng'ombe, jikoni kwa mama yetu. Ukipanuliwa haurudi.

Tena nyuzi nene za nini? Cleotis alipiga nyembamba maisha yake yote, na watu walisimama juu ya viti.

Ola Mae kaniandikia. Anasema tangu Novemba umekaa kimya mazoezini, unapiga gitaa tu, eti unapumzisha sauti. Yeye ndiye mkubwa wa kundi na ndiye besi lenu, na nimemjua kabla hajaota meno. Ola Mae haandiki jambo bure.

Shangazi yako,
Vernell

Mobile
9 Februari 1987

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima, asante. Mama mkwe anakusalimu.

Umeniuliza nitakaza hadi sauti ipi. Ile ya siku zote. Ipi nyingine? Makundi yote siku hizi yanapiga nyuzi nene, mlio unajaa hata kanisa likiwa kubwa. Sioni cha ajabu hapo.

Na nakuomba, kwa heshima zote, uache kuulizana habari zangu na Dada Ola Mae. Nina miaka arobaini. Nikipumzisha sauti nimepumzisha sauti. Wewe uniandikie hatua za kazi, basi.

Halafu na mimi nikuulize. Mbona unalizungumzia hilo gitaa kama lina siri? Baba naye alikuwa hivyohivyo. Nikilining'iniza ukutani alikuwa anainuka kitini kuja kulishusha, anasema lilazwe, lisining'inizwe kwa kichwa. Nikimuuliza kwa nini, ananituma maji. Kuna nini?

Jonetta

Kalamazoo
20 Februari 1987

Jonetta,

Marahaba. Mimi mzima. Bomba la jikoni lilipasuka kwa baridi, limeshatengenezwa.

Kama ni sauti ya siku zote, basi hapana. Nyuzi nene zikikazwa hapo zitavuta kupita kiasi na gitaa litavunjika. Sisemi litaharibika, nasema litavunjika. Usiniulize najuaje. Kuna neno nilimpa baba yako nikiwa kijana, na kufa kwake hakulifuti.

Nimekufungia nyuzi nyembamba mpya humu ndani ya bahasha. Funga hizo, uimbe.

Vernell

Mobile
16 Machi 1987

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Nilikuwa na hasira, na ukiandika na hasira unajaza karatasi maneno ya kuyajutia. Huku joto limeanza na maua ya azalea yamefunguka. Mama mkwe kaanguka uani, hakuumia, kawalaumu kuku wa jirani.

Nakueleza ukweli ili usiusikie kwa mwingine. Nimempelekea Bwana Teague gitaa. Amefunga nyuzi nene. Ule mfupa wako hajaupanua bado, nyuzi zimekaa juujuu tu, zinakwama, ukikaza funguo zinalia kama mlango mbovu. Shingo imepinda mbele, na nyuzi zimeinuka hadi vidole vyangu vinauma. Anasema ni kawaida, ni kukaza tu kile chuma cha ndani. Yeye ana desturi yake: anazipandisha nyuzi hadi sauti kamili ya siku zote na kuzikalisha hivyo wiki nzima ili mti uzoee, ndipo anarekebisha. Nilimwambia ni hiyohiyo ninayoitaka, kwa hiyo atazipandisha Jumatano.

Najua ulinikataza. Lakini hukunipa sababu, na mimi siwezi kungoja. Siku zinakwenda.

Jonetta

Kalamazoo
20 Machi 1987

Jonetta,

Barua yako imefika saa hii, na Jumatano ilikuwa juzi. Nimemtuma Kuipers akupigie simu mara mbili, anasema inaita tu. Natuma hii kwa posta ya haraka.

Ukiisoma, usivue hata aproni. Nenda kwa Teague umwambie alegeze nyuzi zote, zote, mpaka ziwe kama kamba ya nguo. Kisha mgeuze kichwa cha gitaa mtazame nyuma yake, pale kinapoungana na shingo. Rangi pale ni nyeusi kuliko penginepo, na ukiigusa kwa ukucha utasikia mwinuko. Hapo lilivunjika zamani. Kichwa kiling'oka, nikakiunga kwa gundi, nikapaka rangi juu. Kimeshika kwa sababu baba yako hakukaza kupita kiasi hata siku moja. Ndiyo siri uliyoniuliza. Kuna nusu yake bado sijakwambia, na hiyo usinibane.

Nenda sasa.

Vernell

Mobile
29 Machi 1987

Shangazi yangu,

Shikamoo.

Siku simu ilipoita nilikuwa hospitali. Barua ilipofika nilitoka na aproni yangu kama ulivyosema, Rufus akanikimbiza kwa gari. Tulipofika, gitaa lilikuwa limelala mezani, nyuzi zimekazwa, na Bwana Teague yuko nyuma anakunywa kahawa. Nikaligeuza mwenyewe. Shangazi, ule mstari upo. Umefunguka kwenye rangi, mrefu kama kidole changu cha mwisho, na unaonekana weupe wa mti ndani. Teague akaja, akatazama, akaanza kulegeza uzi mmoja mmoja. Hakikung'oka. Lakini ukishika kichwa ukasukuma kidogo, kinaitikia.

Nililia dukani mbele ya watu. Nililia kwa sababu kosa ni langu, nilikudanganya wewe na nikamdanganya Teague. Sikuwa nataka sauti ya siku zote. Haya, nasema. Novemba walinitoa uvimbe shingoni, karibu na koo. Daktari alinionya kabla kwamba huenda sauti isirudi ilivyokuwa, na haikurudi. Imeshuka, Shangazi. Nikiupanda wimbo wa Baba pale pa zamani, inatoka hewa. Nikiushusha toni mbili naimba vizuri, pengine vizuri kuliko zamani, lakini ni sauti nyingine, nzito. Wiki ile nilienda kupimwa tena, wakasema itabaki hivi.

Nawe unayajua makundi yetu. Hatusomi karatasi, kila mmoja anautazama mkono wa mpiga gitaa. Mkono ukihama, kanisa zima linajua kiongozi ameshindwa kupanda, na kabla ya chakula cha mchana ameshatafutwa mwingine. Nikasema nitashusha gitaa zima toni mbili, mkono ukae palepale, nani ataona? Nyuzi nyembamba ukizishusha hivyo zinalegea na kugongagonga, ndiyo nikataka nene. Sikukwambia kwa sababu unaandikiana na Ola Mae, na Ola Mae ndiye anayechagua nani aongoze.

Nimelifunika kitandani kwa mama mkwe, analilinda. Niambie la kufanya. Na niambie nani alilivunja.

Jonetta

Kalamazoo
6 Aprili 1987

Mwanangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako nikaiweka, nikapika, nikaisoma tena. Pole. Ulipita peke yako mahali pa kupita na watu, na hilo limeniuma kuliko gitaa.

Ungeniambia Januari tungemaliza Januari. Uzi mnene ukiulegeza toni mbili unavuta karibu sawa na mwembamba uliokazwa kikawaida. Shingo haijui unene, inajua mvuto. Ndiyo maana nilikuwa nakuuliza sauti, sauti, sauti, na wewe unaniletea habari za makanisa makubwa. Na mimi nilikuwa nimekalia siri yangu kama kuku. Tulikaribia kulivunja tukiwa wawili.

Lilete. Lifunge kwenye sanduku lake, nyuzi zimelegezwa, uweke taulo chini ya kichwa, ulipakie basi. Kuipers atalichukua kituoni. Nitaufungua huo ufa, nitautia gundi mpya na kuubana. Nitachonga mfupa mwingine wenye njia pana, ule wa zamani nitakurudishia ukae nao. Chuma cha ndani nitakikaza robo mzunguko, ningoje, nitazame, nikaze tena ikibidi. Daraja nitalisogeza, na sauti zake atanisikilizia binti wa Kuipers anayepiga piano, maana mimi nitakuwa natazama tu mdomo wake. Ukilipokea, usilikaze kupita toni mbili chini ya kawaida. Hata nusu toni usiongeze.

Kwa Ola Mae sisemi neno. Lakini mwanangu, macho utayadanganya, yeye utamdanganyaje? Ni besi. Yuko sakafuni tayari. Ukiushusha wimbo toni mbili unataka achimbe.

Nani alilivunja, tuache kwanza.

Vernell

Mobile
18 Mei 1987

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Wote wazima, mama mkwe kavaa kofia ya zambarau jana na hajaivua hadi sasa.

Gitaa lilifika salama. Nililifungua sebuleni, nikapapasa nyuma ya kichwa na sikuupata mstari. Nikafunga waya kwenye spika, nikalipiga, na mama mkwe akatoka chumbani akauliza nani kaingia. Nyuzi zinateleza kwenye mfupa wako kama zimetiwa siagi.

Sasa nikusimulie. Mazoezi ya kwanza ya Mei, nikauanza wimbo wa Baba, mkono palepale pa siku zote. Wenzangu wakaingia. Ubeti wa pili, pale besi linapotembea kushuka, nikamwona Dada Ola Mae kafungua mdomo na hakuna kilichotoka. Akajaribu tena. Akakaa kwenye benchi.

"Jonetta, uko wapi?"

"Niko hapa, Dada."

"Mkono wako uko hapa. Wewe uko wapi?"

Nikasema nimeshuka. Akauliza tangu lini, nikasema tangu Novemba. Akauliza kama Vernell anajua. Nikasema anajua. Akachukua mkoba wake, akasema, "Basi vizuri, mmeongea watu wawili mambo ya kundi la watu watano," akaondoka. Wiki nzima hakupiga simu. Mabango yalishabandikwa na jina langu, na mimi silali, nangoja tu kuambiwa nimepewa kazi ya kugawa vitabu.

Jumatano usiku ya wiki ile ile ya sikukuu nikasikia hodi. Dada Ola Mae, na pai ya viazi vitamu. Hakukaa. "Toni mbili siziwezi," kasema. "Moja na nusu nitafika, nikivua viatu. Kaza gitaa lako kidogo, tuyamalize."

Nikamwambia siwezi kulikaza. Nikamwonyesha nyuma ya kichwa, nikamweleza ufa. Akasema, nusu toni tu, Jonetta, nani anavunja gitaa kwa nusu toni? Barua ya kukuuliza wewe isingewahi. Na unajua njia ya pili ni nini. Nyuzi ziachwe zilivyo, mkono ndio usogee kipingo kimoja, kile kiuma cha shingoni, upande nusu toni. Naye akaijua saa ileile, akanitazama. "Wataona," kasema. Nikasema najua.

Jana kanisa lilijaa hadi ngazini. Makundi yote yamekaa mbele, na wale wa Meridian benchi la kwanza kabisa, macho kwenye vidole vyangu. Lilipotajwa jina la Baba nikainuka. Nikauweka mkono pale pa zamani kwa mazoea. Kisha nikausogeza kipingo kimoja, polepole, mbele yao wote. Nikaona yule kiongozi wao anamgusa mwenzake kiwiko. Nikaimba na sauti niliyonayo.

Ubeti wa kwanza hakuna aliyejibu, nikajua ndiyo basi. Wa pili Dada Ola Mae akatembea kushuka, chini, chini, akafika, na mimi nikiwa juu yake kidogo tu, sauti zetu zimegusana. Na yule wa Meridian aliyegusa kiwiko ndiye aliyesimama wa kwanza. Tulirudia ubeti huo hata sijui mara ngapi. Baadaye akanijia akaniuliza ni nyuzi gani nimefunga.

Dada Ola Mae anasema mwakani naongoza tena, na kwamba wewe unamdai barua ya kuomba radhi. Shingo imetulia, nimeitazama leo asubuhi kwenye mwanga.

Sasa sina tena ninachokuficha. Nani alilivunja?

Mtoto wako,
Jonetta

Kalamazoo
26 Mei 1987

Jonetta, mwanangu,

Marahaba, marahaba. Barua yako nimempa Kuipers aisome, akaisoma kwa sauti, mtu mwenye akili zake, mpaka aliponiona namtazama tu. Ola Mae nitamwandikia. Radhi yangu itakuwa fupi.

Umeuliza mara nyingi, na aliyenikataza najua angenikubalia sasa. Hukufichwa kwa ubaya.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka arobaini na tisa, hapa Kalamazoo, kanisa la zamani lenye ngazi ndefu za zege. Ibada imekwisha. Cleotis anashuka na gitaa mkononi, halina hata mwaka, bado linanuka rangi. Wewe ulikuwa na miaka mitatu, uko juu kabisa, umeng'ang'ania kushuka mwenyewe, hutaki mkono wa mtu. Mimi nilikuwa chini, nimeona kila kitu. Ulikanyaga gauni. Ulikuja kichwa mbele.

Baba yako hakufikiri. Aliliachia gitaa akakudaka. Lilibiringika ngazi zote hadi miguuni pangu, kichwa kimekatika, kinaning'inia kwa nyuzi. Yeye hata hakuligeukia. Alikaa palepale kwenye ngazi anakuhesabu vidole, anakupapasa kichwa, anakufungua mdomo kutazama meno. Lile kovu lako la kidevuni ni kifungo cha koti lake.

Jioni akaniletea vipande ndani ya shuka. Akasema, Vernell, unga. Na mtoto asiambiwe kamwe, maana mtoto akijua gitaa lilivunjika kwa ajili yake ataliogopa, na mimi nataka aje alipige.

Basi ndiyo hiyo. Sasa umelipiga. Mvua za huko zikianza shingo itasogea kidogo, usiikaze mwenyewe, niandikie kwanza. Na unitumie pekani za mwaka huu mapema.

Shangazi yako,
Vernell